Bustani yangu ya mvua Iyumbu imegoma kunywa maji. Nini kimeiziba?

#1 Mhamiaji wa Iyumbu
Wakuu, habari za Jumamosi.

Nina nyumba Iyumbu, Dodoma, kiwanja kina mteremko, na kila ikinyesha maji ya bati yalikuwa yanachimba korongo kutoka kwenye baraza mpaka getini. Oktoba 2023 nikachimba bustani ya mvua. Kwa wasioijua: si kisima wala bwawa, ni beseni pana lisilo na kina. Langu ni mita 5 kwa 4, kina sentimita 15, tuta upande wa chini, na bomba la gata linamwaga humo juu ya kokoto. Nilitifua udongo, nikachanganya mchanga na samadi iliyoiva, nikapanda kana, magimbi, mchaichai na vetiva.

Msimu ule wa elinino ilinitoa kimasomaso. Inanyesha usiku, asubuhi natoka kwenda kazini beseni tupu. Msimu huu mvua ya Jumanne mpaka leo ipo, rangi ya chai ya maziwa, na vyura wameshaunda kwaya. Sijabadilisha kitu. Imeziba nini? Na nyie wenzangu mnazitunzaje kiangazi?

#2 Kivuli cha Mbuyu
Naweka kigoda hapa, wataalamu waje.

#3 Kariakoo Mpaka Kufa
Umechimba zalia la mbu mbele ya dirisha halafu unaliita bustani. Mlipohamia Dodoma mliwaacha mbu wenu Dar, sasa mmewa-miss?

#4 Bwanashamba Mstaafu
Mleta mada, pole. Usihangaike sana, hilo ni tope laini la juu. Kiangazi chetu ni kirefu, upepo wa kaskazi unapiga kuanzia Julai, vumbi lote la barabara ya udongo linaishia kwenye beseni na juu ya bati. Mvua ya kwanza inalishusha, chembe kubwa zinatua kwenye kokoto, zile laini kama unga zinatandazika chini na kuziba vitundu. Unene wa sentimita moja unatosha kabisa.

Dawa: likikauka, bandua hilo gamba, litoe nje ya beseni kabisa, halafu tifua sentimita 10 kwa jembe uma. Hii kazi ni ya Oktoba kila mwaka, kabla ya vuli.

#5 Mwana wa Ntyuka
Shikamoo mzee wa #4. Marekebisho mawili ya heshima. Upepo wa Julai ni kusi, kaskazi ni wa Desemba huko. Na Dodoma hatuna vuli na masika, hizo ni za Pwani na kaskazini. Sisi tuna msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, basi. Milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima, na katikati humo Februari inaweza kukauka wiki mbili tatu ukadhani imeaga.

#6 Bwanashamba Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kusi, kweli. Nimekaa Korogwe miaka mingi, ulimi umezoea. Lakini gamba ni gamba.

#7 Mama Mchaichai
Mimi niko Kisasa, bustani yangu ina msimu wa nne. Kaka wa #1, unasema hujabadilisha kitu. Naomba nikuulize kama mwanamke mwenye nyumba: hayo magimbi na kana yalikunywa nini kuanzia Mei mpaka Novemba?

#8 Mhamiaji wa Iyumbu
@Mama Mchaichai dah. Maji ya kufulia. Mke wangu alikuwa anamwaga humo kila Jumamosi, beseni mbili tatu. Tuliona ni kuokoa maji. Hata hivyo magimbi yalikufa Agosti, kana zikabaki vijiti.

#9 Mama Mchaichai
Nilijua. Sabuni ya unga imejaa sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Udongo wenye mfinyanzi ukinyweshwa sodiamu miezi saba mfululizo unavunjika vipande vidogo mno, vinaelea na kuziba kila tundu. Ndiyo maana maji yako ni chai ya maziwa siku ya tano. Tope la kawaida lingekuwa limeshatua.

Jaribu hivi: chukua bonge la udongo ukubwa wa punje ya mahindi, liweke kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Kama kesho yake kuna wingu limezunguka bonge, hiyo ni sodiamu. Maji yakibaki maangavu, mimi nimekosea.

#10 Zabibu Kavu
Hapo kwenye #9 umegonga. Na si sabuni tu, visima vingi huku vina chumvi. Kijana wangu alimwagilia ukoka kwa maji ya kisima kiangazi kizima, sasa uwanja ni kama sakafu. Dawa yake ni jasi (gypsum), inaifukuza sodiamu. Jasi haipo mbali, Itigi huko wanaichimba miaka yote.

#11 Fundi Sururu
Wakuu mnaongea kemia, mimi naongea sururu. Nimechimba misingi na mashimo ya vyoo Dodoma hii kuanzia Nkuhungu mpaka Ihumwa. Sehemu nyingi juu una udongo mwekundu wa kichanga, unachimbika kama keki. Ukifika sentimita 40, 50, sururu inalia kengele. Kuna tabaka gumu pale, maji hayapiti.

Huyu ndugu alichofanya ni kutifua udongo wa juu. Mwaka wa kwanza ule udongo uliotifuliwa ulikuwa na uwazi, maji yakaingia kama sponji, akadhani yanaenda chini. Sasa udongo umeshuka, umejipanga, na chini palepale kuna sakafu. Bustani yako haijaziba, ndugu yangu, haijawahi kufanya kazi.

#12 Kariakoo Mpaka Kufa
😂😂 "haijawahi kufanya kazi". Fundi una roho mbaya.

#13 Mhamiaji wa Iyumbu
@Fundi Sururu lakini msimu wa 2023/24 mvua ilikuwa nyingi kuliko huu, na ilinywa yote. Sponji gani ya kina hicho isiyojaa?

#14 Fundi Sururu
Ilikuwa inavuja pembeni, chini ya tuta jipya. Tuta nalo limeshikana sasa. Uliwahi kuona unyevu upande wa pili?

#15 Mhamiaji wa Iyumbu
Mlenda wa porini uliota upande wa pili wa tuta, mwingi tu. Tuliula mpaka Machi.

#16 Fundi Sururu
Sina swali lingine.

#17 Mwana wa Ntyuka
Subirini. Mlenda unaota hata kwenye ufa wa lami huku, huo si ushahidi. Bibi yangu alikuwa anauchuma kandokando ya njia ya ng'ombe, ambako hapakuwa na bustani ya mtu.

Na kama mnausaga na karanga, mnaupoteza. Mlenda ni magadi na nyanya basi.

#18 Zabibu Kavu
Mlenda bila karanga ni dawa ya kikohozi. Tusiharibu uzi lakini.

#19 Mhandisi Asiyelala
Naomba niweke hesabu, maana hakuna aliyeuliza maji ni kiasi gani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mleta mada, bati lako lina ukubwa gani?

#20 Mhamiaji wa Iyumbu
Mita 12 kwa 10, kukadiria.

#21 Mhandisi Asiyelala
Mita za mraba 120. Mvua ya milimita 20 inakuletea lita 2,400. Beseni lako 5 × 4 × 0.15 linabeba lita 3,000. Unakaa vizuri. Likijaa sentimita 15 na kuisha ndani ya saa 24, linanywa kama milimita 6 kwa saa. Siku nne maana yake ni chini ya milimita 2 kwa saa, na humo jua nalo linachukua sehemu yake.

Swali langu: kuna maji mapya yanayoingia? Jirani amejenga, ameweka pevingi, ameelekeza bomba? Mita za mraba 60 tu za pevingi zinaongeza lita 1,200 kwenye mvua ileile. Unakuta beseni halijapungua kunywa, linapewa kikombe na nusu badala ya kimoja.

#22 Mhamiaji wa Iyumbu
Jirani wa juu ameweka pevingi mwezi wa tisa. Maji yake sijui yanaenda wapi. Sijawahi kusimama kwenye mvua kuangalia.

#23 Mama Mchaichai
Simama, kaka. Mwavuli na ndala, dakika kumi za kwanza. Mimi ndivyo nilivyogundua nusu ya maji yangu yalikuwa yanaruka gata kwa sababu kiota cha shomoro kilikuwa kimeziba kona. Nilikuwa nimehangaika na udongo miezi miwili.

#24 Kivuli cha Mbuyu
Turudi kwa mbu. Kariakoo alikuwa anatania lakini mimi nina mtoto wa miezi sita na nilitaka kuchimba bustani kama hii. Nichimbe au nisichimbe?

#25 Daktari wa Mtaa (si daktari kweli)
Mbu anahitaji maji yaliyosimama ili atoke yai, kiluwiluwi, buu, mpaka aruke. Kwa joto letu ni kati ya wiki moja na mbili. Bustani inayokauka siku moja au mbili haimkuzi mbu, viluwiluwi vinafia kwenye tope. Ya siku nne bado ipo salama, ila mvua ikirudi kabla haijakauka, viluwiluwi vilevile vinaendelea kukua na hapo ndipo hatari. Tazama pia kopo, tairi na kifuniko cha tenki kilichopinda, kwa mbu wa dengi hayo ni hoteli ya nyota tano.

#26 Kariakoo Mpaka Kufa
Sasa si bora anunue tenki la lita 5,000 akinge hayo maji afulie? Mnamzungusha mtu na viluwiluwi.

#27 Mhandisi Asiyelala
Tenki la lita 5,000 kwa bati lile linajaa kwa mvua mbili tatu za maana. Maji ya Januari yanayobaki utayapeleka wapi? Kwa mwaka mzima bati lake linaangusha zaidi ya lita 60,000. Tenki weka, ila mdomo wa juu wa tenki umwage kwenye bustani. Mimi nimefanya hivyo, na korongo la getini kwangu limefunga.

#28 Mzee wa Bahi
Mbukwenyi. Nimesoma yote. Nashangaa hakuna aliyeuliza kuhusu mifugo. Sisi Bahi tunalima mpunga kwenye majaluba, na ukitaka jaluba lishike maji unafanyaje? Unaingiza ng'ombe au watu, mnakanyaga tope likiwa bichi mpaka linakuwa uji. Likitulia halipitishi maji.

Kijana, ndani ya hilo beseni nani anakanyaga?

#29 Mhamiaji wa Iyumbu
Mzee shikamoo. Naona aibu kusema. Desemba nilinunua bata sita.

#30 Kariakoo Mpaka Kufa
😂😂😂 BATA! Post #1: "sijabadilisha kitu."

#31 Mzee wa Bahi
Marahaba. Panda mpunga.

#32 Mama Mchaichai
Nimecheka mpaka mume wangu kaniuliza kulikoni. Kaka, sabuni, pevingi ya jirani, na bata. Kuna kingine?

#33 Mhamiaji wa Iyumbu
Matandazo. Nilitandaza majani makavu Mei kama nilivyoshauriwa. Kufika Septemba mchwa wamemaliza yote, udongo ukabaki uchi. Hilo nalo lihesabuni.

#34 Bwanashamba Mstaafu
Matandazo ya majani Dodoma ni chakula cha mchwa, usipoteze nguvu zako. Ila mchwa usimwue. Vijia vyake ndivyo vinavyopitisha maji chini, kuliko uma wako na wangu. Tandaza kokoto ndogo pale maji yanapoangukia, kwingine acha mimea ifunike yenyewe.

Na kuhusu mimea: ulipanda mimea ya Morogoro. Kana na magimbi yanataka maji mwaka mzima, huku kuna miezi saba mikavu. Chini ya beseni weka vetiva na mabingobingo, mteremkoni mchaichai, juu ya tuta shubiri. Kiangazi vetiva itageuka rangi ya majani ya chai, usiihurumie, mizizi iko hai. Kata Juni, acha shingo ya sentimita 20 au 30, mabaki walishe mbuzi kabla mchwa hajafika.

#35 Zabibu Kavu
Mabingobingo mita mbili na nusu mbele ya dirisha? Mzee, atakuwa anaishi na nyoka. Vetiva inatosha. Na mwarobaini usiusogeze karibu na msingi hata kama unapenda kivuli. Bustani yenyewe iwe mita tatu au zaidi kutoka ukutani, kuna nyumba Makulu najua imepasuka kona kwa uzembe huo.

#36 Fundi Sururu
Hiyo kona ya Makulu ni udongo wa mbuga, unavimba na kusinyaa. Hata bila bustani ingepasuka.

#37 Zabibu Kavu
Fundi kwako kila kitu kiko chini.

#38 Fundi Sururu
Ndiko nyumba ilipo.

#39 Mwana wa Ntyuka
Udongo wa huku umewahi kuwashinda wakubwa. Waingereza walikuja Kongwa miaka ya hamsini kulima karanga kwa matrekta, mvua ikipita ardhi inakauka kama tofali, karanga hazing'oki.

#40 Mzee wa Bahi
Walianza 1947, wakaacha 1951. Mengine ni sawa. Baba alifanya kazi huko ya kung'oa visiki, na visiki vya mbuyu ndivyo vilivyowashinda kwanza.

#41 Mhamiaji wa Iyumbu
Wakuu nimerudi, zimepita kama wiki tatu. Mvua ilikata, beseni limekauka, nikapata nafasi ya kuwajaribu nyote.

Gamba lipo. Limepasuka vipande kama vigae, kingo zimejikunja juu. Nilinyanyua kimoja kwa kisu: unene wa biskuti, juu kinang'aa kama kimepakwa mafuta, chini kina unga. Pale penye nyayo za bata hakuna vigae, ni bamba moja tu zima, nyayo zimegandia humo kama zimechorwa.

Nilikata ndoo mbili vitako, nikazididimiza kwenye udongo sentimita tano, moja juu ya gamba, moja pale nilipobandua. Nikamimina maji kipimo kilekile saa mbili asubuhi. Iliyobanduliwa ilikauka saa saba mchana. Yenye gamba, saa kumi na mbili jioni bado nusu.

#42 Bwanashamba Mstaafu
Nimesema mimi.

#43 Mhamiaji wa Iyumbu
Mzee subiri. Nikafanya na glasi ya Mama Mchaichai. Bonge la juu lilitoa wingu, asubuhi maji meupe. Bonge nililochimba nje ya bustani, ambako hakujawahi kumwagwa sabuni, nalo likatoa wingu. Dogo, lakini lipo.

Halafu nikachimba shimo kwa sururu katikati ya beseni. Sentimita 43 ikalia.

#44 Fundi Sururu
Kengele.

#45 Mama Mchaichai
Wingu la nje linaonyesha udongo wako una sodiamu ya asili, sabuni imeongeza chumvi kwenye kidonda. Jasi bado inafaa. Lakini bandua gamba kwanza, ukimwaga jasi juu ya kigae unalisha kigae.

#46 Mhandisi Asiyelala
Ndoo iliyokauka kwa saa tano, kulikuwa na maji kina gani?

#47 Mhamiaji wa Iyumbu
Sentimita 10.

#48 Mhandisi Asiyelala
Milimita 20 kwa saa. Kwa kasi hiyo beseni zima lingekuwa linaisha chini ya saa nane, na tabaka la Fundi halijazuia kitu. Ila ndoo inavuja pembeni pia, na shimo la ndoo halijazi udongo wote mpaka sentimita 43 kama mvua ya usiku kucha. Kwa hiyo Fundi hajashindwa wala hajashinda. Pevingi ya jirani?

#49 Mhamiaji wa Iyumbu
Bado sijaona mvua ya kusimama nayo. Ila nimeona mstari wa mchanga kutoka kwenye ukuta wake mpaka kwangu, mwembamba, kama njia ya siafu.

#50 Kivuli cha Mbuyu
Na bata?

#51 Mhamiaji wa Iyumbu
Wawili tumeshawala. Wanne nimewajengea banda upande wa choo, watoto wamenuna. Maji ya kufulia sasa yanaenda kwenye mgomba uliopo nje ya geti, jirani wa chini ameanza kuuliza kwa nini majani yanaungua kingo.

#52 Mama Mchaichai
Kaka jamani. 😂 Maji ya kusuuza ndiyo uyapeleke kwenye mgomba, ya kwanza yenye povu mwaga njiani uzime vumbi.

#53 Kariakoo Mpaka Kufa
Nimekuja kucheka nimeondoka na hesabu za lita. Mbagala kwangu nikichimba sentimita 40 nakutana na maji, hiyo bustani yenu itaninywa mimi.

#54 Mwana wa Ntyuka
Mleta mada, wingu limekaa upande wa Mtumba, jeusi kabisa, linakuja kwenu. Mwavuli na ndala.

#55 Mhamiaji wa Iyumbu
Naliona. Nimebandua robo tatu tu ya gamba, robo ya bata imenishinda kwa jembe. Ngoja nitoke.